Ukuta wa Mavi ya Chuma

Kiwandani walimwita Kipanga, na si kwa sababu ya ukali. Ni kwa sababu alikaa juu. Ofisi yake ilikuwa kijisanduku cha vioo kilichoning'inia karibu na dari, kikitembea na kreni kutoka uwanja wa chuma chakavu hadi kwenye mdomo wa tanuri, na kutoka tanurini hadi kule chuma kilikomiminwa. Akisogeza kijiti kidogo kwa vidole viwili, mzigo wa kulemea malori ulinyanyuka huko chini kama unyoya. Waliokuwa sakafuni waliona moshi, cheche na visogo vya wenzao. Yeye aliona kila kitu, pamoja na namna mume wake alivyojikuna mgongo kwa koleo akidhani hakuna anayemtazama.

Mume huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa tanuri. Walimwita Kaa la Moto. Alianza kazi ile ndevu hazijamwota, na aliweza kutazama rangi ya mwali akakwambia chuma kimeiva au bado, kama mpishi anayejua chumvi imekolea kwa kunusa tu. Aliamini kwamba woga ni ugonjwa wa kuambukiza, kwa hiyo hakuuonyesha hata kidogo. "Chuma hakipikwi na waoga," aliwaambia vijana wapya, na vijana wapya walivimbisha vifua wakasogea karibu na moto kuliko ilivyohitajika.

Mdogo wake, yaani shemeji yake Kipanga, alikuwa mlinzi wa getini. Hakuanza kazi kama mlinzi. Alikuwa fundi wa tanuri mwenye mikono myepesi, mpaka msimu mmoja wa mvua chuma chenye maji kilipotumbukizwa ndani. Maji yakifunikwa na chuma kilichoyeyuka hayapati nafasi ya kuchemka kwa adabu, yanalipuka. Mkono wake wa kulia ulibaki umekunjamana kama jani lililopitiwa na moto. Siku ile Kaa la Moto alilia mbele za watu. Kisha akafuta machozi na kusema, ajali haina kinga. Kiwanda kizima kikaitikia, kweli, haina kinga. Na kazi ikaendelea vilevile.

Nyuma ya kiwanda kulikuwa na kilima ambacho Mungu hakukiumba. Kilikuwa cha mavi ya chuma, ile takataka inayoelea juu ya chuma kikiyeyuka kama povu juu ya sufuria. Kila siku iliopolewa, ikapozwa, ikabebwa na kumwagwa pale, na kila mwaka kilima kilinenepa. Upepo ukivuma, vumbi lake lilishuka mtaani na kuketi kwenye nguo zilizoanikwa. Wanawake wa mtaa ule walikuwa wameacha zamani kununua mashuka meupe.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, Kipanga alinyanyua kapu la kwanza la chuma chakavu. Makapu hayo ni ya chuma, makubwa kama chumba cha kulala, na sakafu yake hufunguka katikati ili mzigo uangukie tanurini. Alipolifikisha juu ya tanuri, ambamo tayari mlikuwa na chuma kilichoyeyuka, aliona kitu kinametameta chini ya kapu. Tone. Halafu jingine. Halafu ushanga mzima wa matone, na kila tone liligeuka mvuke kabla ya kufika chini.

Akasimamisha kreni.

"Kipanga, tupa!" Sauti ya mumewe ilikoroma redioni.

"Kapu linavuja maji."

"Ni umande wa mvua tu huo. Utakauka ukishuka. Tupa!"

"Situpi."

Huko chini, visogo vyote vikageuka kuwa nyuso.

"Unasemaje?"

"Nimesema situpi. Narudisha uwanjani."

Na akarudisha. Kreni ilirudi nyuma polepole huku ikilia kengele yake. Katika miaka yote aliyokaa juu pale hakuwahi kukataa amri. Sasa alikuwa amekataa amri ya msimamizi, ambaye pia ni baba wa watoto wake, na jioni wangekaa meza moja.

Kaa la Moto alitoka nje kwa hatua za mtu aliyekusudia kufoka. Wanaume wakamfuata, maana ugomvi wa bure haukosi watazamaji. Kapu likamwagwa chini. Mabati, vyuma vya milango, ekseli za magari. Na chini kabisa, umelala kama mtoto aliyejificha, mtungi mkongwe wa gesi uliozibwa kwa kutu. Fundi mmoja aliusukuma kwa mguu.

Chubwi, ukasema mtungi. Chubwi.

Ulikuwa umejaa maji hadi nusu. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao alivua kofia ngumu, kama mtu aliyefika msibani. Yule shemeji alikuwa amekuja kutoka getini. Aliutazama mtungi, akautazama mkono wake, kisha akarudi getini. Kaa la Moto naye hakufoka. Alisimama pale, midomo ameibana, na mvua ikaanza kumdondokea tena shingoni.

Lakini nyumbani alifoka.

"Umenivua nguo mbele ya vijana wangu!" alisema, hata kabla hajakalia kiti. "Ungeniita pembeni. Ungesema taratibu."

"Nikuite pembeni nikiwa juu ya tanuri?" Kipanga aliuliza. "Baba watoto, heri kuvuliwa nguo kuliko kuvuliwa ngozi."

"Ajali haina kinga!"

"Ajali haina kinga, lakini uzembe una dawa."

Mama mkwe alikuwa pembeni akikung'uta vumbi kwenye nguo alizotoka kuanua. Alikuwa mama wa maneno machache, yaani aliyahifadhi ili yawe na uzito siku akiyatoa. Alikunja shuka, akaliweka, akamgeukia mwanawe.

"Mimi nilizaa wavulana wawili," alisema. "Mmoja tanuri limekwishamwonja. Wewe unamgombeza nani, aliyelinyima wa pili?"

Kaa la Moto alitoka nje. Alikaa barazani mpaka chakula kikapoa. Aliporudi ndani hakuomba radhi, kwa sababu hakujua njia ya kwenda huko. Alisema tu, "Kesho mkurugenzi anatuita. Mimi na wewe. Sema ulichokiona, usipunguze."

Mkurugenzi alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na tabia ya kuuliza "nani atalipa?" kabla ya kuuliza habari za asubuhi. Ofisini kwake alikuwepo pia mhandisi aliyekuja majuzi, kijana mrefu mwenye sauti ya chini. Wafanyakazi walikuwa wamekwishampa jina la Taratibu kwa jinsi neno hilo lisivyomtoka mdomoni.

"Haya, mama," mkurugenzi alimwambia Kipanga. "Umesimamisha tanuri langu. Unataka nini?"

Kipanga alikuwa amelala na jibu. "Nataka paa juu ya uwanja wa chuma chakavu, kisilowe. Nataka watu wa kuchambua, kila mtungi na kila bomba lililozibwa litobolewe kabla ya kuingia kapuni. Na nataka mtu yeyote akiona hatari aseme 'simama', na kazi isimame, bila kuulizwa yeye ni nani."

"Yeyote?" Kaa la Moto alidakia. "Hata mfagiaji?"

"Hata mfagiaji. Yeye anaungua kwa moto mwingine?"

Mkurugenzi aliegemea kiti. "Amri ya kusimama haigharimu kitu, chukueni. Lakini paa! Uwanja mzima? Nani atalipa?"

Mhandisi alinyoosha kidole dirishani. "Kile."

Wote wakageuka. Kule nje kilima kilikuwa kimekaa, cheusi, kimelowa, hakina haya.

"Mzee, ndani ya yale mavi mna chuma," mhandisi alisema. "Matone yaliyonaswa wakati wa kuopoa. Tukisaga na kupitisha sumaku, chuma kinarudi tanurini, na kinachobaki ni jiwe gumu. Linafaa barabara, linafaa matofali. Tunanunua chuma chakavu mbali, na chuma kingine tumekilalia hapa."

"Yaani nikauze mavi?"

"Mbolea nayo inauzwa, bosi," Kipanga alisema, "na hakuna anayemcheka mkulima."

Mkurugenzi alijaribu kukaza uso, ikashindikana. Akaruhusu wajaribu.

Mashine ya kuponda mawe ikaletwa na kufungwa nyuma ya kiwanda. Kipanga ndiye aliyeshusha sumaku ya kreni yake juu ya marundo ya kwanza yaliyosagwa na kuletwa uwanjani, na alichokiona kilimfanya apige kelele peke yake ndani ya kioo. Vipande vya chuma viliruka kutoka kwenye lile rundo jeusi na kung'ang'ania sumaku kama kumbikumbi kwenye taa, vikubwa kama ngumi, vidogo kama njegere, vingi ajabu. Kiwanda kilikuwa kimetupa mali yake jalalani tangu siku ya kwanza.

Hapo mkurugenzi akapata moto kuliko tanuri. Aliamuru barabara ya kutoka getini hadi njia kuu, ambayo ilikuwa tope tupu, imwagiwe kokoto za mavi ya chuma wiki ileile.

"Taratibu, mzee," mhandisi alisihi. "Haya yametoka tanurini juzi. Mna chokaa ndani. Yakipata maji yanavimba. Tuyamwagilie kwanza, tuyaache yamalize kuvimba."

"Jiwe ni jiwe," mkurugenzi alisema.

Barabara ikashindiliwa, ikapendeza, ikapigwa picha. Mvua ikaja. Baada ya muda barabara ikaanza kuumuka kama unga uliotiwa hamira. Hapa nundu, pale ufa, na lori la kwanza lililobeba nondo likapinda ubavu kama mlevi. Mtaa mzima ukaangua kicheko. Watoto waliipa jina la Barabara ya Mimba. Na mkurugenzi, ambaye hakupenda kuchekwa, alisimamisha mashine ya kuponda mawe na kusema kilima kibaki kilipo.

Kipanga alirudi nyumbani siku hiyo akiwa ameishiwa nguvu. Alijua kwamba bila mawe hakuna fedha ya paa, na mvua zilikuwa hazijaisha. Alikaa jikoni akitazama mikono yake.

Kaa la Moto alikuja akaketi karibu naye. Alikohoa mara mbili tatu kama gari lisilotaka kuwaka.

"Yule kijana amesema mavi mapya ndiyo yanayovimba."

"Ndiyo."

"Ya zamani je?"

Kipanga akainua kichwa.

"Upande wa nyuma wa kilima, chini kabisa," mumewe aliendelea, "ndiko tulikokuwa tunamwaga nilipoanza kazi. Mimi mwenyewe nilisukuma mikokoteni ile. Yamenyeshewa tangu enzi hizo, mama watoto. Kama ni kuvimba, yamekwishavimba, yakazaa, yakajukuu."

Kesho yake alimchukua mhandisi mkono kwa mkono mpaka nyuma ya kilima. Mhandisi alichimba, akabeba sampuli, akazichemsha kwenye maji ofisini kwake huku wafanyakazi wakichungulia dirishani kuona kama mhandisi anapika mawe. Hayakuvimba. Akapima tena, maana ndivyo alivyokuwa, na yakakataa tena kuvimba. Basi wakaenda kwa mkurugenzi, watatu kwa pamoja, na safari hii aliyezungumza kwanza alikuwa Kaa la Moto.

"Mzee, tulikosea haraka, hatukukosea jiwe," alisema. "Tupe nafasi ya pili. Barabara ikivimba tena, nivue cheo nikafagie."

Mkurugenzi akawapa, na haikuvimba. Mvua ilipiga, malori yakapita, barabara ikalala chini kama mkeka. Halmashauri ikaja kuitazama, kisha ikaomba kokoto kwa ajili ya mitaa yake. Mavi mapya nayo yakatengewa mahali pake, yakawa yanamwagiliwa na kuachwa yapumzike kabla ya kutumika. Chuma kilichookolewa kikarudi tanurini, mapato ya mawe yakainua paa juu ya uwanja, na shemeji akatolewa getini na kupewa usimamizi wa uchambuzi. Hakuna mtungi uliompita. Kwa ule mkono wake mzima alitoboa kila kilichozibwa, na akikuta maji ndani aliyamwaga chini kwa dharau, kama anayemwaga sumu ya nyoka aliyemgonga.

Mabaki ya mawe ya zamani yalifyatuliwa matofali, mazito, ya rangi ya majivu. Mhandisi alitaka yajenge ukuta mnene kati ya tanuri na njia ya kutokea, na nyuma yake pawe mahali pa kukimbilia. Wapo waliosema ukuta ule unaziba upepo. Kaa la Moto aliwajibu kwamba mdogo wake hakuungua kwa kukosa upepo, aliungua kwa kukosa ukuta.

Kisha ikaja siku yenyewe.

Ilikuwa mchana wa kawaida, tanuri limepamba moto, Kipanga yuko juu akileta kapu la pili. Kuta za tanuri lile hupozwa kwa maji yanayopita ndani ya mabomba. Kaa la Moto alikuwa akitazama mwali kama kawaida yake, akaona umebadilika rangi, umekuwa na ulimi mweupe usiopaswa kuwepo. Mvuke. Bomba limepasuka kwa ndani, na maji yanaingia kwenye chuma kilichoyeyuka.

Yule mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kurudi nyuma mbele ya moto alijaza mapafu na kupiga kelele iliyosikika bila redio.

"Simama! Simama wote! Zima umeme! Funga maji! Mtu asiliinamishe tanuri, asiliguse! Nyuma ya ukuta, kimbia!"

Zamani wangesitasita, wangetazamana kuona nani mwoga wa kwanza. Safari hii hakuna aliyetazama mwenzake. Umeme ulikatwa, king'ora kikalia, na watu wakamiminika kuelekea nyuma ya ukuta kama maji yanayojua mfereji wake. Mfagiaji alikimbia bega kwa bega na mhandisi.

Juu, Kipanga alikuwa na mzigo unaoning'inia karibu kabisa na tanuri. Umeme wa kreni ulikuwa wa njia yake peke yake, haukuzimwa. Kichwa kilimwambia aruke ngazi akimbie. Mikono, iliyoijua kazi, ilisema hapana. Alivuta kijiti nyuma. Kreni ikateleza kuelekea mwisho wa jengo, mbali, mbali zaidi, akashusha kapu pale chini, akafungua mlango na kushuka ngazi.

Alikuwa ametua tu sakafuni, nyuma ya nguzo kubwa ya zege, tanuri liliponguruma.

Mfuniko wake uliruka. Mwanga mweupe ukajaa jengo zima, na chuma cha moto kikamwagika hewani kama mvua iliyogeuzwa. Mabati ya dari yakapasuka. Matone yakanyesha juu ya ukuta wa matofali ya kijivu, yakagonga, yakamwaga cheche, yakateleza chini na kupoa. Ukuta haukutikisika.

Halafu kimya, na vumbi zito.

Nyuma ya ukuta Kaa la Moto alianza kuita watu wake, mmoja mmoja, kwa majina yao ya kazi. Kila aliyeitwa aliitika. Aliwaita wote wa sakafuni, na wote walikuwepo. Likabaki jina moja. Alilipigia kelele.

"Kipanga!"

Hakuna jibu. Vumbi tu.

"Mama watoto!"

"Nipo," sauti ilisema kutoka mwisho wa jengo, ikikohoa. "Nipo, baba watoto. Acha kupiga kelele, utaniamshia tanuri."

Kicheko kilichotoka nyuma ya ule ukuta hakikuwa cha kawaida. Wanaume wazima walicheka huku wanalia, wakapigana migongo, wakaurukia ukuta na kuubusu, na mhandisi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha jambo, alikuwa akirukaruka kama mtoto aliyefaulu mtihani. Kaa la Moto alipita katikati ya vumbi akamfikia mkewe. Aliweka paji la uso wake juu ya kofia ngumu ya mkewe, akakaa hivyo.

Mlipuko ule ulikuwa umesikika mtaani kote. Wake, akina mama, watoto na majirani walikuwa wamekuja mbio, kanga zimefungwa ovyo, wengine peku, na wote walijua sauti kama ile huleta nini. Walijazana getini wakiwa kimya kabisa. Ndipo geti likafunguliwa na wafanyakazi wakaanza kutoka.

Walitoka kwa miguu yao. Mmoja, halafu wawili, halafu kundi zima, weusi tii kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu, meno tu ndiyo yanayoonekana. Watu walipowaona wanaendelea kutoka, na machela haiji, na aliyebebwa hayupo, kimya kile kikapasuka. Vigelegele vilipanda vikazidi king'ora. Mkurugenzi alisimama kando ya geti, tai imelegea, akiwashika mkono kila mmoja anayepita, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakuuliza nani atalipa.

Mama mkwe alikuwa amejipenyeza mpaka mbele. Kuona kwake hakukuwa kuzuri tena, na watu wale wote walikuwa wa rangi moja. Alimdaka wa kwanza mwenye mabega mapana, akamkumbatia kwa nguvu zote, akamlilia kifuani, "Mwanangu, mwanangu."

"Mama," yule mtu alisema kwa upole, "mimi si mwanao. Mimi ni mfagiaji. Mwanao yule anakuja, na mkwe wako, na mdogo mtu."

Mama alirudisha kichwa nyuma, akamtazama vizuri, lakini hakumwachia.

"Nisamehe, baba," alisema. "Basi ngoja nikushike kidogo mpaka mama yako afike."